Tarakilishi kuukuu bado yafaa kwa michoro ya kitaalamu

TARAKILISHI nyingi zinazotumika katika shule, afisi ndogo na nyumba za Wakenya ziliingia nchini zikiwa tayari zimetumika kwingineko. Kuna zile ziuzwazo madukani kwa jina la ‘ex-UK’, na kuna zile zilizokarabatiwa na kupelekwa shuleni na mashirika kama vile Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002. Mashine hizo zimewafaa wengi, lakini kila baada ya miaka michache wenyewe huambiwa kuwa zimepitwa na wakati na kwamba hawana budi kununua nyingine.

Wasiwasi huo ulizidi Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kabla ya hapo, Windows XP ilikuwa imeachwa Aprili 8, 2014, na Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020. Windows 11 nayo hudai angalau gigabaiti nne za kumbukumbu ya RAM, gigabaiti 64 za nafasi kwenye diski na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi kongwe hazina.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Ziko kazi ambazo tarakilishi ya miaka 15 huzitekeleza bila taabu, almuradi mwenyewe aipe programu inayolingana na nguvu zake. Miongoni mwa kazi hizo ni kuchora michoro ya kitaalamu: michoro mtiririko, ramani za mitandao ya tarakilishi, mipangilio ya vyeo katika afisi na michoro ya saketi za umeme.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua programu ya kazi hiyo, kuisakinisha, yaani kuiweka ndani ya mashine, na kuitumia hadi mchoro utoke kwenye printa.

Michoro hii ina faida gani?

Mchoro wa hatua za kazi si jambo jipya. Mnamo 1921, Wamarekani wawili, Frank Gilbreth na mkewe Lillian, waliwasilisha mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha nchi yao mbinu ya kuonyesha kazi nzima kwa alama zilizochorwa kwenye karatasi. Tarakilishi zilipozuka, waandishi wa programu waliikumbatia mbinu hiyo. Mwaka wa 1985, shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilichapisha kiwango nambari 5807 kinachoeleza alama zinazofaa kutumika.

Humu nchini, wanafunzi wa somo la Tarakilishi chini ya mfumo wa 8-4-4 wamekuwa wakifunzwa michoro mtiririko katika shule ya upili, na huihitaji wanapoandaa mradi wa mtihani wa KCSE. Fundi wa mitandao huchora ili anayemfuata ajue waya upi waelekea wapi. Katibu wa chama naye aweza kuchora jinsi ombi la mkopo linavyopokewa, likajadiliwa na kuamuliwa.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mtu asichore visanduku hivyo kwa Paint au kwa Word? Jibu li katika mistari. Katika Paint, mstari ukishachorwa huwa ni rangi tu juu ya karatasi. Ukitaka kukisogeza kisanduku kimoja, itakubidi ufute na kuchora upya mishale yote inayokigusa. Katika programu ya michoro, mshale hujishikiza kwenye kisanduku. Ukikivuta kisanduku kwenda kushoto, mshale hukifuata. Mchoro wa visanduku vitano hauionyeshi tofauti hiyo sana, lakini ule wa visanduku 40 humwonyesha mtu thamani yake mara moja.

Ijue mashine yako kwanza

Kabla ya kutafuta programu yoyote, hapana budi kujua hali ya mashine. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na kile kilichoandikwa ‘Pause’, na dirisha litafunguka likionyesha toleo la Windows, aina ya prosesa na ukubwa wa kumbukumbu ya RAM. Ikiwa kibodi yako haina kitufe hicho, bofya ikoni ya ‘Computer’ kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague ‘Properties’.

Yaandike mambo matatu. La kwanza ni toleo la Windows. La pili ni kama mfumo ni wa biti 32 au wa biti 64, kwa kuwa programu iliyoundwa kwa biti 64 haiwezi kamwe kufanya kazi kwenye mfumo wa biti 32. La tatu ni kiasi cha RAM. Mashine yenye megabaiti 512 yaweza kuchora vizuri, lakini haitavumilia programu iliyoundwa kwa ajili ya mashine za leo.

Kisha angalia nafasi iliyosalia kwenye diski. Diski iliyojaa hadi pomoni huifanya hata programu nyepesi ikwame. Ondoa programu zisizotumika na uhamishe picha na video mahali pengine kabla ya kuanza.

Programu ipi ichaguliwe?

Jina linalojulikana zaidi katika fani hii ni Visio. Programu hiyo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1992 nchini Marekani, na kampuni iliyoiunda ikanunuliwa na Microsoft mwaka wa 2000. Ni programu nzuri, lakini hulipiwa, na kwa muda mrefu imekuwa ikiuzwa kando na Word na Excel.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kwa kuwa hawana fedha za kuinunua, huomba nakala ya wizi kutoka kwa rafiki au muuzaji wa vichochoroni, ikiwa kwenye flashi pamoja na kijiprogramu cha kuvunja kufuli yake. Kufanya hivyo ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, ambayo huzilinda programu za tarakilishi sawa na maandishi mengine. Isitoshe, vijiprogramu hivyo vya kuvunja kufuli ni maficho mashuhuri ya virusi. Mwanafunzi aliyetaka kuchora visanduku kumi anaweza kujikuta amepoteza mradi wote.

Programu nyingine inayopendwa ni draw.io. Hii ni ya bure, na yaweza kutumika ndani ya kivinjari au kusakinishwa kwenye mashine. Hata hivyo, imejengwa juu ya teknolojia ile ile inayokiendesha kivinjari cha Chrome, na teknolojia hiyo iliacha kuitambua Windows 7 mwaka wa 2023. Matoleo mapya hayatakubali mashine ya aina hiyo, na hata yakikubaliwa na Windows 10 yatalemewa ikiwa RAM ni haba.

Kwa mashine kongwe, kuna njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni programu iitwayo Dia. Ilianzishwa na Alexander Larsson mwishoni mwa miaka ya tisini, na hutolewa bure chini ya leseni ya GPL inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake. Toleo lake la 0.97.2 lilitoka mwaka wa 2011, na faili ya kuisakinisha kwenye Windows ina ukubwa wa takriban megabaiti 20 pekee. Umri wake, ambao kwingineko ungekuwa ila, hapa ni sifa: iliundwa wakati mashine kama yako zilikuwa mpya.

Njia ya pili ni Draw, ambayo ni sehemu ya mkusanyiko wa programu za bure uitwao LibreOffice. Mkusanyiko huu ulizaliwa mwaka wa 2010 kutokana na OpenOffice.org, ile ile ambayo mwaka wa 2004 wataalamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Draw inafaa kwa mtu anayehitaji pia kuandika barua na kupiga hesabu, lakini ni nzito kuliko Dia. Mwenye Windows XP asipoteze muda kutafuta toleo jipya. La mwisho linalokubali mfumo huo ni 5.4, lililotoka mwaka wa 2017.

Maelezo yafuatayo yatatumia Dia kama mfano.

Hatua za kusakinisha

Kikwazo cha kwanza huwa ni kuipata faili yenyewe. Vivinjari vya zamani, hasa Internet Explorer ya Windows XP, haviwezi tena kufungua tovuti nyingi kwa sababu njia za usalama zinazotumiwa na tovuti hizo zimebadilika. Kosa basi si la mtandao wako. Nenda kwenye tarakilishi mpya zaidi, iwe ni ya jirani au ya saiba, upakue faili hapo na kuihamisha kwa flashi.

Hakikisha unapakua kutoka tovuti ya mradi wenyewe au ghala linalotajwa na tovuti hiyo. Tovuti nyingi hujitangaza kuwa na ‘Dia ya bure’ ilhali zimeipakia viambatisho vya matangazo. Jihadhari na vitufe vikubwa vya kijani vilivyoandikwa ‘Download’, kwani aghalabu huwa ni matangazo tu.

Ukifika nyumbani, nakili faili kutoka kwa flashi hadi kwenye diski ya mashine. Ikague kwa programu ya kukinga virusi. Kisha ingia kwenye mashine ukitumia akaunti ya msimamizi, ama sivyo Windows itakataa kuipokea.

Funga programu nyingine zote, kisha bofya faili mara mbili. Utaulizwa lugha, utaonyeshwa leseni, na kisha utaonyeshwa orodha ya sehemu za programu. Sehemu ya Python waweza kuiacha, kwa maana mchoraji wa kawaida haihitaji. Kubali folda unayopendekezewa na usubiri hadi kazi ikamilike.

Ikiwa mashine yako inatumia Linux, kazi ni rahisi zaidi. Katika Debian 12, kwa mfano, Dia imo katika ghala la mfumo na husakinishwa kwa amri moja: sudo apt install dia. Ni vyema kukumbuka kwamba Debian 12, iliyotoka mwaka wa 2023, bado ina toleo la biti 32, ilhali Debian 13 ya mwaka wa 2025 haisakinishwi tena kwenye mashine za aina hiyo.

Kabla ya kuanza kazi ya maana, jaribu. Chora visanduku viwili, uviunganishe, uhifadhi faili, uifunge programu, kisha uifungue tena. Ikiwa yote yamekwenda sawa, mashine yako iko tayari.

Kuchora: mfano wa mkopo wa chama

Tuseme wewe ni katibu wa chama cha wanachama 20 na unataka kuonyesha jinsi mkopo unavyotolewa. Usikimbilie kipanya. Chukua karatasi na kalamu uandike hatua zote kwa mfuatano. Mchoro mbaya aghalabu hutokana na mtu aliyeanza kuchora kabla ya kufikiri.

Fungua Dia. Upande wa kushoto utaona vifaa vya kuchorea, na chini yake orodha ya makundi ya maumbo. Chagua kundi la ‘Flowchart’. Maumbo manne yatakutosha. Lile refu lenye ncha za mviringo huonyesha mwanzo na mwisho. Mstatili huonyesha kazi inayofanywa. Msambamba huonyesha kitu kinachoingia au kutoka, kama vile fomu au pesa. Umbo la almasi huonyesha swali ambalo jibu lake huamua njia ya kufuata.

Bofya umbo unalotaka, kisha ubofye mahali pa kuliweka. Ili kuandika ndani yake, lichague na ubonyeze F2. Ukimaliza, bonyeza Esc. Weka ‘Ombi la mkopo’ juu kabisa, kisha ‘Pokea fomu’, kisha almasi yenye swali ‘Je, ameweka akiba kwa miezi sita?’ na nyingine yenye ‘Je, ana wadhamini wawili?’ Chini yazo weka mstatili wa ‘Kamati yajadili’, kisha almasi ya ‘Je, kamati imekubali?’, kisha ‘Toa pesa’.

Sasa unganisha. Chagua kifaa cha mstari uliopinda kwa pembe, kiitwacho ‘Zigzagline’. Anza kwenye mojawapo ya alama ndogo za msalaba zilizo kandokando ya umbo la kwanza, uvute hadi kwenye alama kama hiyo ya umbo la pili. Umbo litang’aa kukujulisha kwamba mstari umeshika. Ukiuachilia mstari kabla ya hapo, utaonekana kana kwamba umeunganishwa, lakini utabaki nyuma punde umbo litakaposogezwa. Mistari haina nafasi ya maandishi, kwa hivyo tumia kifaa cha herufi ‘T’ kuandika ‘Ndiyo’ na ‘La’ kando yake.

Hapa ndipo mchoro unapoanza kukufunza mambo. Kila almasi sharti iwe na njia mbili za kutoka. Asiyetimiza miezi sita ya akiba hurudishiwa fomu. Hilo ni rahisi. Lakini je, mwenye mdhamini mmoja hufanyaje? Hupewa muda wa kumtafuta wa pili, au ombi lake hufa? Na ikiwa kamati imekataa, mwanachama ana ruhusa ya kukata rufaa mbele ya mkutano wote? Huenda katiba ya chama iko kimya kuhusu maswali hayo, na kimya hicho ndicho huzaa ugomvi mkopo wa mtu unapokataliwa. Katika maandishi marefu, pengo kama hilo hufichika. Katika mchoro, huonekana kama almasi isiyo na mshale, na chama chaweza kuliziba kabla ya pesa za mtu kuhusika.

Ikiwa mashine inajikokota, ingia katika orodha ya ‘View’ na uzime ‘AntiAliased’. Mistari ya mshazari itaonekana na vijingazi kwenye skrini, lakini kazi itakwenda kwa kasi zaidi. Kadhalika, bonyeza Ctrl pamoja na S kila baada ya dakika chache. Tarakilishi ya mezani haina betri, na umeme ukikatika hakuna programu itakayokumbuka kisanduku ambacho hukukihifadhi.

Kuhifadhi na kuchapisha

Dia huhifadhi mchoro katika faili inayoishia kwa .dia. Ndani yake mna maandishi ya muundo wa XML yaliyobanwa ili yasichukue nafasi kubwa. Muundo huo uko wazi, kwa hivyo kazi yako haifungiwi ndani ya kampuni moja. Lakini mwalimu au mwenyekiti anayetumiwa faili hiyo huenda asiwe na Dia.

Kwa sababu hiyo, hifadhi nakala tatu. Ya kwanza ni ile ya .dia, ambayo utaitumia ukitaka kurekebisha. Ya pili ni ya PDF, ambayo hufunguka karibu kila mahali na haibadiliki inapochapishwa. Ya tatu ni ya PNG, ambayo ni picha ya kubandika ndani ya ripoti. Ili kupata nakala hizo mbili za mwisho, chagua ‘File’, kisha ‘Export’, na uandike jina la faili likiishia kwa .pdf au .png.

Kuhusu kuchapisha, tazama mistari ya buluu inayokatiza karatasi ya kuchorea. Hiyo ni mipaka ya kurasa. Mchoro ukiivuka, printa itautoa vipande vipande. Ingia katika ‘Page Setup’, uchague ‘Fit to’ na uweke moja kwa moja, nao utatoshea ukurasa mmoja. Ukienda kuchapisha saiba, beba nakala ya PDF badala ya ile ya .dia, na usirudishe flashi kwenye mashine yako kabla ya kuikagua.

Tahadhari ya usalama

Si haki kuisifu mashine kuukuu pasi na kutaja udhaifu wake. Mfumo ambao haupokei tena masasisho una nyufa ambazo hakuna atakayeziziba. Uzuri wa kazi ya kuchora ni kwamba haihitaji intaneti hata kidogo. Mwenye Windows XP au Windows 7 atafanya vyema kuiondoa mashine hiyo mtandaoni, kuitumia kwa kuchora na kuandika, na kutekeleza shughuli za benki na barua pepe kwenye kifaa kingine. Anayetaka mashine moja kwa kazi zote na afikirie kuhamia Linux, ambako Dia na LibreOffice zote zinapatikana.

Fauka ya hayo, weka nakala ya kazi yako nje ya mashine. Diski ya miaka 15 yaweza kufa bila kubisha hodi. Flashi moja nyumbani na nyingine kwa mtu unayemwamini ni kinga ya bei nafuu.

Ununuzi wa tarakilishi mpya ni jambo jema kwa anayeweza. Lakini mwanafunzi, fundi au katibu wa chama asiyeweza asikubali kuambiwa kwamba kazi yake haiwezi kuanza hadi apate pesa hizo. Mwalimu anayesahihisha mradi hutazama kama mshale umefika unakofaa kufika. Haulizi ulichorwa kwenye mashine ya mwaka gani.